Niliacha Mzizi kwenye Taya la Mama Kulwa

Nimekosa. Sitaji jina kwa sababu mama yangu bado anasali jumuiya moja na majirani wanaonisema. Mnitukane, lakini mkishamaliza kusoma.

Nilikuwa daktari wa meno mtarajali, ule mwaka wa mafunzo kabla ya leseni. Sheria naijua: hung'oi jino bila msimamizi. Lakini nilipokuja likizo kijijini kwetu, huku Bukombe, nilibeba koleo na ganzi niliyoichukua hospitali bila kumwambia mtu. Wizi, ndiyo!

Watu walijaa uani kwa mama, wengi wachimbaji, mashavu yamevimba. Mmoja alikuwa anapaka jino maji ya betri! Mnaosema ningewafukuza, wangekwenda wapi? Daktari wa meno yuko mbali, na ukimfikia unaambiwa ganzi imeisha, rudi wiki ijayo. Niliwang'oa, wakapona. Hao siwajutii hata kidogo.

Ninayemjutia ni Mama Kulwa, jirani yetu anayeuza uji machimboni. Huyu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Gego lake lilikatika nikiling'oa, mzizi ukabaki ndani. Nilihangaika nao mpaka jasho likanimwagika, wapi!

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumpeleka hospitali niseme nilichofanya, nilimwambia, "Mama, tayari. Ila mtu akikuuliza, usinitaje. Wataninyima leseni."

"Bhebhe, we! Nikutaje wewe, mwanangu mwenyewe?" akajibu kwa Kisukuma chake, pamba mdomoni.

Na kweli hakunitaja! Likizo ikaisha, nikaondoka. Siku chache baadaye uso wake ukavimba hadi jicho likafumba. Hospitalini wakamuuliza nani alimng'oa, akasema jino lilikatika akitafuna muwa. Wakampa dawa za maumivu, akarudi nyumbani. Mara ya pili alipelekwa hawezi kufungua kinywa, uvimbe umeshuka shingoni. Bado akanificha!

Mama yangu ndiye aliyenipigia simu. Nilipanda basi, nikaingia wodini, nikamwambia daktari mbele ya wagonjwa wote: ni mimi niliyemng'oa, mzizi uko chini, kulia. Wakampasua siku hiyohiyo. Amepona, lakini kinywa hakifunguki vizuri, na ugali anaumega vitonge vya mtoto mdogo. Hajanilaumu hata mara moja. Inaniuma, jamani!

Mafunzo yangu yamesimamishwa na leseni huenda nisiipate kabisa. Nimestahili. Ila kwenye kikao cha nidhamu waliponiuliza kama nawajutia wale wengine, nilisema hapana, na leo nasema hapana. Leteni madaktari huku vijijini, tuone nani atakuja uani kwetu!

Wewe mtarajali unayesoma hapa, koleo ziko kwenye begi: najua hutanisikia, hata mimi nisingesikia. Basi shika hili moja. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, kwa mdomo wako. Usimwombe mgonjwa akutunzie siri. Mama Kulwa alikuwa tayari kufa ili mimi niitwe daktari.