Karani wa Mashine ya Vidole

Karani wa kituo cha mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma hampigii mtu kelele mashine ya alama za vidole ikimkataa. "Sugua kidole puani kwanza, mama, kipate mafuta," husema, huku akifuta kioo kwa pindo la shati. Bila taa ya kijani hakuna unga. Jana mashine ilimkataa Ebyan, msuka mikeka, mara nne. Meza ya mashine iko juu, naye ni mfupi. Alijinyoosha, akabonyeza kwa nguvu zote.

"Kwani mimi si mimi?"

Karani akaishusha mashine sakafuni, akamwambia aketi kama anavyoketi akisuka. Mkono ukalegea, taa ikawaka. Leo karani amekuja kazini na msumeno. Hakumwomba mkubwa yeyote ruhusa. Ameipindua meza, anakata miguu.