Kaburi Yenye Kona Ine

Miye sikusoma sana. Niliacha shule pale mwalimu alianza mambo ya kugawanya, na mpaka leo kitu cha kugawanya wanangu njo wananifanyia. Kwa hiyo historia sikuipata kwa kitabu. Ya kwangu ni ile ya kuonyeshwa kwa kidole: hapa palikuwa kiwanda cha Muzungu, hapa daraja lilibebwa na maji. Siku barabara iko wazi nachukua fimbo yangu, naenda kuona kitu cha zamani, na jioni nimerudi kula kwangu. Majirani wanacheka. Muntu muzima anatoka asubuhi mpaka Ngungu kwenda kuangalia ukuta? Ndiyo, naenda kuangalia ukuta. Na ule ukuta wa Ngungu ni muzuri, wazungu walikuwa wanakaushia maua ya pareto pale, sasa mbuzi wanalala ndani, tena mbuzi wakali. Lakini si habari ya leo.

Habari ya leo ni ya mudogo wangu. Alifiwa na bibi yake, yule aliyemuoa, akakaa muda murefu peke yake na maharagwe ya kuungua. Kisha wamama wa kanisa wakaja kwetu Masisi kwa mukutano, na kati yao kulikuwa mama mumoja mujane wa Kashebere, pale Walikale inaanzia. Yule mama aliimba. Mudogo wangu akarudi nyumbani, sahani ikamungoja mezani mpaka ikapoa. Nikajua imeisha.

Tukatuma watu waulize. Jibu likarudi kutoka kwa mujomba mukubwa wa yule mama, sababu baba yake alikuwa amekufa. Alisema hivi: sisi hatukatai. Lakini babu yenu alikuja huku kubeba mizigo wakati wazungu wanafungua barabara. Alikaa huku, akafia huku, na hakuna muntu wa kwenu amekuja kumusalimia. Muntu anayechukua bibi kwetu anaanza kusalimia wafu wake. Mukuje mutuonyeshe kaburi ya babu yenu. Musipoionyesha, hakuna ndoa.

Fikiria mwenyewe. Wao njo wenyeji, sisi wageni, na sisi njo tuwaonyeshe kaburi. Nilimwambia mudogo wangu, "Hawa watu wanakukataa kwa adabu." Akanijibu, "Yaya, weye mukubwa wangu si unapenda kuangalia vitu vya zamani? Twende tuangalie." Nikachukua fimbo yangu.

Tukapanda pikipiki asubuhi, tukapita Nyabiondo. Nisiseme juu ya ile barabara. Mahali pengine tulikuwa tunabeba pikipiki kuliko ile inavyotubeba. Tulipofika Kashebere, mujomba alikuwa anatungojea njiani, amevaa koti la Misa na kofia ya sufu, na nyuma yake yule mama mwenyewe pamoja na shangazi yake, bibi kizee amepinda kama mundu. Nilidhani tutakuta watu wamekasirika. Kumbe mujomba alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa na ugonjwa wangu ule ule! Alipenda kuonyesha.

Akaanza na mashine ya kushindilia barabara, chuma kitupu, imeachwa pembeni tangu wakati wa wazungu. Muti umeota katikati yake, umeinua gurudumu juu. Kuku walikuwa wanaatamia ndani.

"Hii," akasema mujomba, "bado inatembea."

"Inatembea?" nikauliza.

"Pole pole. Babangu aliiacha pale, ona sasa iko hapa."

Kutoka pale mpaka hapa ni urefu wa mukeka tu. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akatupeleka kwenye jiwe kubwa.

"Hapa Muzungu mukubwa wa kazi alikaa, akalia."

"Alilia nini, Papa?"

"Barabara."

Tukasimama wote, tukaliangalia lile jiwe. Miye ambaye nilikuwa nimetoka kupita ile barabara nilimuelewa yule Muzungu kabisa, nilitaka hata kukaa kidogo.

Hapo njo tulikosea. Mujomba na miye tulikawia kwa jiwe, tunabishana alilia akiangalia upande gani, na mudogo wangu hakuweza kungoja. Moyo wake ulikuwa kwa kaburi. Akatangulia peke yake na kile kinjia kinachoingia porini.

Sasa nieleze jambo moja, la sivyo hamutaelewa. Kuna muti wa majani marefu, yamechongoka kama kisu, ule ukiukata ukatupa kipande, kinaota. Kwetu Masisi tunaupanda kwa mupaka wa shamba. Udongo ni kidogo, watu ni wengi, kila muntu anajua muti wake. Mudogo wangu akiamuka asubuhi anaenda kwanza kusalimia mupaka, kisha watu. Marehemu bibi yake alilalamika juu ya hiyo mpaka anakufa. Lakini kule Walikale muti ule ule unapandwa kwa kaburi, pale kwa kichwa cha mufu, na hakuna muntu anaugusa hata kuchuma jani la kufungia chumvi. Hiyo sisi hatukuijua.

Tulipomufikia, mudogo wangu alikuwa amesimama mbele ya mustari wa ile miti, minene, ya zamani sana. Amefumba jicho moja, anapima. Na muti mumoja, ule mwembamba, alikuwa amekwisha kuung'oa, ameubana kwapani kama jogoo wa soko.

"Yaya, ona wizi!" akaniita. "Kuna muntu alisogeza mupaka! Huu muti ulikuwa umeingia kabisa kwa jirani!"

Mujomba akavua kofia.

"Papa," akasema, "weka muzee chini."

"Muzee gani?"

"Huyo uko naye kwapani."

Miye nilitafuta mahali pa kuangalia, nikakosa. Shangazi alikuwa bado anakuja nyuma na fimbo. Yule mama akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa. Mujomba akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kila muti ni muntu, kwamba hapo wazee wao wamelala, na kwamba ndoa imekufa sasa hivi, watuzike pamoja nayo kama tunataka. Mudogo wangu akapiga magoti kwa matope, muti ungali kwapani.

"Mujomba, nisamehe. Sikujua. Nisamehe sana." Nilimuona anapigana na ulimi wake, na ulimi ukashinda. "Lakini hata kama ni kaburi, mustari umepinda."

"Wee baba!" yule mama akalia.

Shangazi akafika. "Amesema nini?"

Wakamurudilia: amesema mustari umepinda. Bibi kizee akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Huyu njo damu yake," akasema. "Mamangu alinisimulia. Yule mubeba mizigo wa milimani alipanda vijiti kuzunguka nyumba yake. Ukipita, anatoka mbio: umevuka! Pori yote hii, hakuna muntu anajua mwisho wake, na yeye anakuambia umevuka! Watoto walikuwa wanapita pale kusudi, wamusikie."

Mudogo wangu akasimama. Akafuata ule mustari, akapotelea ndani ya majani. Tukasikia sauti, "Kona!" Baadaye, kutoka mbali zaidi, "Kona ingine!" Alitokea kwa upande wa pili, shati imepasuka, uso unang'aa kama wa Pasaka. "Kona ine," akasema, akainua vidole vine.

Mujomba akakaa chini. "Kaburi haina kona," akasema polepole.

Hapo hakuna aliyecheka. Wale watu walikuwa wanakuja pale tangu wazazi wao. Walifagia, walimwaga kasiksi, ile pombe ya ndizi, waliwaambia wale wazee mutoto akizaliwa ao muntu akigonjwa.

"Ule munene pale," mujomba akanionyesha, "nilimwambia maisha yangu yote. Mbuzi yangu ilipopotea nililia hapa kama mutoto. Na ni nguzo ya shamba?"

"Mbuzi ilirudi?" shangazi akauliza.

"Ilirudi."

"Basi unalia nini? Tena yule muntu alizikwa humo ndani, katikati ya vijiti vyake. Aliomba hivyo. Wapi kabisa, sijui. Watoto wake wameonyesha kaburi, hata kama ni kubwa kidogo. Muwape huyu mama."

Mambo yangeishia hapo kwa vizuri, kama ingekuwa familia ingine. Mudogo wangu alikuwa ameinama. Amechukua udongo mukononi, anauvunja kwa vidole, ananusa. Ule udongo mweusi wa pori, kwetu tunauota kwa ndoto tu.

"Kumbe," akasema, "hii shamba ni yetu."

Mujomba akasimama kwa nguvu. "Hapa hakuna kulima! Hapa tunaomba!"

"Lakini Mujomba, mupaka ya babu..."

Yule mama akakuja mbele yake karibu sana. Mpaka saa ile alikuwa amesema maneno mawili tu.

"Baba," akasema, "miye ao shamba. Chagua hapa hapa, wakisikia."

Ningependa kuandika kwamba alijibu haraka. Ni mudogo wangu, nampenda, lakini hakujibu haraka. Alimuangalia mama. Akaangalia udongo. Akaangalia kona ya karibu. Miye nilianza kusali Baba Yetu, nikafika kwa mukate wetu wa kila siku.

"Weye," akasema.

"Umekawia."

"Nimekawia, lakini nimejibu."

Mama akamukungʼuta udongo kutoka mukononi, si kwa upole. "Sasa rudisha muzee pahali pake."

Shangazi akamwaga maji, mujomba akasema maneno ya kuomba musamaha kwa lugha yao, sote tukainamisha vichwa. Mudogo wangu akachimba kwa mikono, akasimamisha muti, akashindilia kwa kisigino. Mujomba alipomaliza alifungua macho, akaangalia. Akafumba jicho moja. Muti haukuwa kwa shimo la zamani. Ulikuwa umesogea kama kiganja hivi, na mustari wote, toka kona mpaka kona, ulikuwa umenyooka sawa na kamba.

Tukangoja. Shangazi naye akafumba jicho.

"Iko vizuri zaidi," mujomba akasema, akavaa kofia, akatutangulia kwenda kula.