Chakula Kisichotolewa kwa Mkono

Nilipopewa kazini anwani ya nyumba ile ya mtaa wa Erdington, huku ughaibuni ninakohudumia wagonjwa majumbani, niliambiwa tu kwamba kuna mzee aliyevunjika nyonga. Asubuhi nimwogeshe na kumpa kiamshakinywa, saa kumi jioni nirudi kumtazama. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mtawa wa Kibudha. Nilijua nilipofunguliwa mlango na mwanamume wa makamo, kichwa kimenyolewa, amevaa joho la kijivu. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amejifunga nguo ya rangi ya hudhurungi, bega moja wazi. Mfupa wa bega hilo ulikuwa umechomoza kama kitasa cha mlango.

Tangu siku ya kwanza sikumpenda yule wa kijivu. Nilimwekea mzee uji, mkate na ndizi mezani, nikapanda juu kubadilisha shuka. Niliporudi, hakuna kilichoguswa. Mzee alikuwa anameza mate. Alikitazama chakula, akamtazama wa kijivu, akageukia dirishani. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Jioni nilipomletea chai ya maziwa na biskuti, mzee alitikisa kichwa, na wa kijivu akasema kutoka jikoni, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Mchana umepita. Hapana."

Mimi nimekulia Garissa, katika nyumba ambamo mgonjwa hunyweshwa uji hata akikunja uso. Mtu anayemkataza mzee chai simwelewi.

Asubuhi moja wa kijivu alinifuata hadi mlangoni. "Mkono," akaniambia. "Tafadhali, mkono." Nikampa mkono, nikampungia, nikaondoka. Yeye akabaki ameshika hewa, mdomo wazi, kama aliyekuwa na neno jingine. Njiani nikajiuliza anataka nini kwangu.

Halafu kulikuwa na milango. Siku moja nilikuta kila mmoja amejifungia chumbani kwake, anasoma kitu kwa sauti ya chini. Wiki mbili baadaye, tena. Watu wa dini moja, chini ya paa moja, hawasomi pamoja. Niliweka sikio kwenye mlango wa mzee, na sioni fahari kulisema. Sikuelewa hata neno, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeungama.

Mwenzangu wa kazi, mama mmoja wa Bukavu anayeishi mtaa wa Nechells, ndiye aliyekuwa akinipa lifti. Nilimweleza yote garini. Alipunguza mwendo.

"Ndugu, uko unaona mutu anakondeana, na unanyamaza?" akasema. "Vraiment, kweli kabisa! Andika. Kesho akikufa, watauliza wewe."

Nikaandika. Niliandika chakula, milango, macho ya mzee, nikampigia meneja simu. Alhamisi iliyofuata akaja afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole mwenye kalamu tatu. Alimketisha wa kijivu sebuleni mbele yetu na kuanza kumuuliza. Nani anapika? Nani anaamua mzee ale lini? Amewahi kumfungia? Yule mtu alijibu nusu ya maswali, nusu nyingine hakuyaelewa. Masikio yalimwiva kwa aibu. Mimi nilisimama karibu na mlango, na moyoni, niseme kweli, nilifurahi.

Mzee akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Nani amesema ananinyima chakula?"

Afisa akatazama karatasi zake.

"Mimi," nikasema.

Hakukasirika. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu, na tangu nianze kazi pale nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya asante. Alitueleza kwamba mtawa hali chakula ambacho mtu asiye mtawa hajamkabidhi mkononi. Kilichowekwa mezani ni cha meza. Wa kijivu hakuweza kumpa, kwa kuwa naye ni mtawa. Waumini walikuwa wakija kabla ya saa sita na kumkabidhi mlo mmoja. Huo alikula, ila mimi sikuwahi kuuona. Jua likishapinduka, hali tena hadi alfajiri.

"Kwa nini hukuniambia nikupe mkononi?" nikamuuliza.

"Haturuhusiwi kumwomba chakula mtu ambaye hajatukaribisha tuombe. Isipokuwa niwe mgonjwa."

"Lakini wewe ni mgonjwa!"

"Nimevunjika tu," akasema.

Afisa alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Ndipo nikaelewa ule mkono ulioombwa mlangoni. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Mwenzake, alisema, ametoka nchi nyingine na madhehebu mengine ya watawa. Vitabu vyao vya kanuni, ambavyo kila baada ya wiki mbili kila mmoja husoma chake chumbani kwake, vinakaribiana sana, lakini katika madhehebu ya huyo mwenzake chakula cha jioni kinakubaliwa, wanakiita dawa. Kila jioni mwenzake alipika supu, na harufu yake ikamfikia mzee kitandani.

"Nilidhani anataka kunivunjia kanuni," mzee akasema. "Wewe umemshuku mwezi mmoja. Mimi miaka mitatu."

Akatuhadithia kwamba miaka kama mia baada ya kufariki kwa mwalimu aliyeanzisha dini yao, watawa waligombana juu ya chumvi iliyowekwa akiba ndani ya pembe, na juu ya kula wakati kivuli kimepita mchana kwa vidole viwili. Vidole viwili! Na kanuni zenyewe hazikuja kwa siku moja. Mtawa alikosea, watu wa nje wakanung'unika, kanuni ikawekwa.

"Ukizisoma vizuri," akasema, "ni malalamiko ya majirani. Wewe umefanya kazi ya zamani sana."

Sikujua kama ananisifu au ananisuta. Nilifikiria mtaa wangu. Mimi ni Mshafii, jirani yangu ni Mhanafi. Alasiri yangu huingia kivuli cha kitu kikilingana na kitu chenyewe, yake kikifika mara mbili. Naye nimemwachia ufunguo wa nyumba yangu.

Baada ya siku ile nilimkabidhi mzee sahani kwa mikono miwili. Jioni nilimpa asali katika maji moto, ambayo kanuni yake inaihesabu kuwa dawa, naye akainywa hadi tone la mwisho. Ripoti yangu haikufutika. Meneja alisema ikishaandikwa imeandikwa, na jina la yule mtu limo ndani yake.

Nilimwomba wa kijivu radhi jikoni. Alisikiliza, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vyombo.

"Siku nyingine," akasema polepole, "uliza mimi kwanza."

"Nitakuuliza," nikamwahidi.

Lakini wiki iliyofuata nilikuja na mizani ya kupimia uzito, bila kumuuliza. Nilimsaidia mzee kusimama juu yake, nikainama kusoma. Nilipoinua kichwa, wa kijivu alikuwa nyuma yangu, ananyoosha shingo, anahakikisha kwamba nimesoma sawasawa.