Amina ya Fundi Viatu

Katika zahanati ile, ukiuliza chumba cha vidonda kiko wapi, hakuna aliyejisumbua kukuonyesha kwa kidole. Walikwambia tu, "Fuata sauti." Maana muuguzi wa chumba kile, mama wa makamo mwenye mabega mapana na hatua zisizotoa kishindo, alikuwa haombi kwa kunong'ona. Wagonjwa walimbandika jina la Mkono Mwepesi, likamganda mpaka kwenye ubao wa zamu. Mtu aliliandika kwa chaki, na hakuna aliyelifuta.

Jina alilistahili. Kidonda kiwe kikubwa namna gani, shashi iwe imekaukia kwenye nyama kama ngozi ya pili, yeye aliitoa na mwenye kidonda bado anauliza, "Unaanza lini?" Kazi yake ilikuwa na mpangilio usiobadilika. Alimkalisha mgonjwa, akampandishia mguu kwenye kigoda kilichofunikwa plastiki, akaimwagia shashi maji ya chumvi mpaka ikalowa chapachapa. Kisha aliushika mguu kwa mikono miwili, akafumba macho, akaomba. Mgonjwa akisema Amina, ndipo alipochukua koleo na kuvuta. Shashi ilikuja yenyewe, taratibu, kama inayoaga.

Mwenyewe aliamini kabisa kwamba ni sala inayoondoa maumivu. Ila sala ile haikuishia kwenye mguu. Aliomba kidonda kikauke, halafu akaomba mgonjwa afunguliwe macho, aiache njia aliyokuwa nayo, aingie katika nyumba ya ibada anayosali yeye, ile yenye paa jipya la bati, na ikiwezekana aingie wiki hii hii.

Wagonjwa wake walikuwa wengi, lakini aliyempenda zaidi ni mzee mmoja fundi viatu, mjane, mwembamba kama uzi wake wa kushonea. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upana wake kama kiganja cha mtoto. Alifika kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Amina yake ilizishinda zote. Akiitoa, mtoa dawa aliyekuwa upande wa pili wa ukuta naye alijibu "Amina!" bila kujua kilichoombwa.

Nyumbani kwa Mkono Mwepesi, mama yake mzazi aliyekuwa akiishi naye alimpokea kwa swali lile lile kila jioni.

"Yule mzee wako vipi?"

"Mama, yuko mlangoni kabisa. Bado kumsukuma tu."

Basi Jumatatu moja mzee hakuja. Mkono Mwepesi alidhani amepata mgeni. Jumatano hakuja pia. Ijumaa alichungulia benchi la nje mara nne, na mara zote nne hakumwona. Hapo akaingiwa na hofu, kwa sababu daktari alikuwa amekwisha kusema mbele yao wote wawili: kidonda kile kikipuuzwa kikafika kwenye mfupa, hakutakuwa na habari ya kufunga bendeji tena, itakuwa habari ya kuukata mguu.

Saa ya chakula cha mchana hakula. Alitia glovu na bendeji kwenye mkoba, akaenda mpaka kwenye kibanda cha fundi, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alimkuta amekaa, mguu wa kushoto ameupumzisha juu ya kreti ya soda. Ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha bitana juu ya shashi ya zahanati na kufungwa kwa kamba ya kiatu.

"Hodi hapa."

"Karibu. Kama ni kisigino, acha hapo, uje kesho." Fundi aliinua macho, nyundo ikabaki hewani. "Loo! Sista."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kiatu au umenifuata mimi?"

"Nimekufuata wewe. Wiki nzima hujaonekana."

"Kazi zimenizidi."

Muuguzi alitazama rafu. "Kazi zenyewe ndizo hizo pea mbili?"

Fundi aliweka nyundo chini, akajikuna kidevu. "Nikikwambia hutakasirika?"

"Sitakasirika."

"Utakasirika. Lakini kaa." Alimsogezea kiti kidogo cha wateja. "Mimi nina dini yangu, mwanangu. Nilizaliwa humo. Mama watoto nilimzika humo, na siku yangu ikifika nataka nizikwe humo humo. Nawe kila ukinishika mguu unamwomba Mungu anitoe. Mimi najiuliza, binti huyu ananitakia nini? Nitenganishwe na mke wangu mpaka huko tuendako?"

Mkono Mwepesi alihisi uso unawaka. "Lakini baba, ulikuwa unasema Amina! Tena kuwashinda wote!"

"Mguu wangu uko mkononi mwako, koleo liko kando, ulitaka niseme nini? Hata ungeomba nigeuke mbuzi ningesema Amina."

Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. "Na ile sauti yote?"

"Ili umalize upesi."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambiaje? Mteja wangu akichoka na maneno yangu, anachukua kiatu chake anaondoka. Mimi mguu niung'oe niende nao wapi? Na nikikuudhi, kesho ni wewe tena na koleo lako. Nikaona bora nijifunge mwenyewe."

Mkono Mwepesi aliufungua mkoba wake. Alivaa glovu, akaifungua ile kamba ya kiatu na kufunua ukingo wa kitambaa. Nyama ya pembeni ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

"Baba, kinanuka."

"Mimi nilidhani ni gundi," fundi alisema, lakini safari hii hakucheka.

"Njoo leo alasiri. Nakuomba. Sitatamka hata neno moja."

"Wewe? Utaweza?"

"Nitauma ulimi."

Alirudi kazini kwa miguu, na njia nzima alikuwa akizisikia Amina za wagonjwa wake. Ya mama muuza mkaa. Ya yule mwalimu aliyekuwa akiinamisha kichwa mapema kabla hata hajaanza kuombewa. Zipi zilitoka moyoni, na zipi zilitoka mguuni? Alijaribu kuzitenga, akashindwa.

Alasiri fundi alikuja kweli, anachechemea. Mkono Mwepesi alimkalisha, akampandishia mguu, akamwaga maji ya chumvi. Akaubana mdomo kama mtu aliyemeza pini. Chumba kikawa kimya hata bomba likasikika likidondoka. Akachukua koleo, akavuta.

"Mama yangu weee!"

Ukelele ule ulifika hadi kwenye geti.

"Amina!" akajibu mtoa dawa kutoka ng'ambo ya ukuta.

Muuguzi aliganda. Miaka kumi na minane katika chumba kile, hakuwahi kumliza mtu hivyo. Machozi yalimlengalenga. "Nisamehe, baba. Sijui mkono umeingiwa na nini. Unaona sasa? Ni kwa sababu sikuomba!"

Fundi alikuwa akihema, amefumba jicho moja. Alipopata pumzi aliutazama mguu wake, akatazama shashi iliyobaki nusu, imeng'ang'ania, akatikisa kichwa kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Hukungoja," alisema.

"Kungoja nini?"

"Mimi nikipaka gundi kwenye soli, siibandiki papo hapo. Naiacha ipumue kwanza. Nikiwa na haraka, mteja hafiki hata kona, soli imebaki njiani. Wewe siku zote ulikuwa unamwaga maji, unaomba, unaomba weee, mpaka mguu wangu wa kulia nao unakufa ganzi. Ndipo unavuta. Leo umemwaga ukavuta."

Mkono Mwepesi alitazama ukutani. Palikuwa na alama ya duara, mahali saa ilipokuwa ikining'inia kabla haijaharibika, na alikuwa hajawahi kuiulizia. Hakuwahi kuihitaji. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya dawa, mikono mapajani.

"Kwa hiyo miaka yote hii ni maji?"

"Maji yakipewa nafasi yake."

"Na Mungu je?"

"Maji kayaumba nani? Usinigombanishe naye, nina mguu mbovu." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Mwaga tena. Na kwa kuwa umefungwa mdomo, nitazungumza mimi. Nimewahi kukusimulia habari za bwana harusi niliyempa viatu viwili vya mguu wa kushoto?"

Hakuwahi. Hakuwahi kusimuliwa chochote na mzee yule, maana kila walipokutana msemaji alikuwa mmoja. Basi akamwaga maji, akasikiliza. Hadithi ilipofika pale bwana harusi anapoingia ukumbini na mama yake, na mama anamlazimisha atembee hivyo hivyo kwa kuwa wageni wamekwisha kukaa, muuguzi alikuwa akicheka mpaka mabega yanaruka. Alipovuta, shashi ilikuja yote, na fundi hakukatisha sentensi.

Toka siku hiyo alianza kumuuliza kila mgonjwa kabla ya kumwaga maji: "Nikuombee, au tupige soga, au tukae kimya?" Wengi walishangaa kuulizwa. Mwalimu alichagua kimya, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Muuza mkaa alitaka sala, tena ndefu. Bibi mmoja wa kidonda cha kisukari, ambaye Mkono Mwepesi angeapa kwamba hawezi kukaa bila sala, alifikiri kidogo akasema, "Leo soga, mjukuu wangu. Jirani yangu ana mambo, nikikaa nayo nitapasuka." Akasita. "Lakini keshokutwa uniombee. Nitakuwa nimemsengenya sana."

Mama yake hakufurahi. "Umeanza kuionea aibu imani yako?"

"Hapana, mama. Lakini mtu niliyemshika mguu hawezi kuniondokea. Wewe ukimhubiria jirani hapo nje, akichoka anaingia ndani kwake."

"Wananifungia mlango, ndiyo," mama yake alikiri, akarudi kwenye ufumaji wake, bado kakunja uso.

Kidonda cha fundi kilichukua miezi. Ukingo mweusi ulikatwa, ukarudi kidogo, ukakatwa tena. Kuna wiki mbili ambazo daktari aliinama juu yake bila kusema kitu, na siku hizo hakuna aliyesimulia habari za bwana harusi. Kisha nyama ikaanza kuwa nyekundu, nyekundu nzuri, na kila Jumatatu muuguzi alipokipima kidonda kwa karatasi aliyoikata kwa ukubwa wake wiki iliyopita alikuta karatasi imezidi kidogo. Ijumaa moja daktari aliubonyeza mguu kwa kidole gumba, akaubonyeza tena, akasema, "Mzee, huu mguu ni wako. Nenda nao."

Fundi alisubiri daktari atoke. Akatoa kwenye mfuko kiatu kimoja cha ngozi, cha mguu wa kushoto, amekitengeneza mwenyewe na kukipanua kwenye kifundo.

"Hivi," alisema huku akikitazama, "bado unaniombea?"

"Nikwambie kweli?"

"Kweli."

"Kila siku. Nikiwa kwetu, peke yangu. Naombea mguu tu."

"Mguu tu?"

"Mguu tu, baba. Hayo mengine nimewaachia wewe na mkeo."

Fundi alikifuta kiatu vumbi kwa kiganja. "Basi kwa mguu sina kipingamizi," alisema. Akaingiza mguu ndani ya kiatu, akajaribu kuinama kufunga kamba, kifundo kikakataa kukunjika. Mkono Mwepesi akapiga goti sakafuni.

"Wewe! Unafanya nini huko chini? Tumekubaliana."

"Nafunga kamba, baba. Tulia."

"Ya kiatu?"

"Ya kiatu."

Alikaza fundo, akalivuta mara mbili kuhakikisha, na fundi viatu akasimama kwa miguu yake miwili.