Wilkista na Jora la Pazia

Mwaka jana, kwenye matanga ya mama mkwe wangu Wilkista huko Tongaren, Bungoma, jamaa mmoja aliwachekesha wenzake kwa kusema kwamba katika boma hili watoto walivalishwa mapazia kwa sababu ya umaskini. Nilimwacha amalize chai yake. Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane wa Mukhisa, kifungua mimba wa Wilkista, na sina mazoea ya kubishana penye msiba. Lakini pazia hilo nilikuwepo liliponunuliwa, na duka lilikuwa la baba yangu. Kwa hiyo nitaeleza.

Wilkista hakuwa maskini, alikuwa mgumu wa kununua. Sufuria aliigonga kwa kidole akaisikiliza, kisha akaipima uzito mkononi. Kiti alikipindua miguu juu, aone kama seremala amechomeka mbao ndani ya mbao au amepigilia misumari tu. Nguo ya mtoto aliigeuza nje ndani akatazama upindo. Kama haukutosha kufunguliwa kila mtoto anaporefuka, aliirudisha. Na bei je? Wenye maduka wa Kitale walimjua. Alitoka dukani, akaitwa, akatoka tena, mpaka mwenye duka akachoka.

Mwaka nilioolewa, miaka ya themanini, shemeji ya Wilkista, Khisa, alifariki, na mkewe akamfuata muda si mrefu. Waliacha watoto watatu. Wilkista, ambaye tayari alikuwa mjane mwenye wanne wadogo nyumbani, aliwachukua wote. Emmy, dada ya Khisa, hakuridhika.

"Wifi, mjane na watoto saba?" alimwambia mbele yangu. "Utavalisha wako, hawa wetu wabaki na viraka. Siku ya Krismasi ukoo ukikaa, kila mtu achukue mmoja."

"Si ungoje Krismasi ifike kwanza."

"Nangoja. Kanisani tutaona."

Alijua anachosema. Siku hizo watoto wa nyumba moja walivaa Krismasi kitambaa kimoja, kilichokatwa kwenye jora moja, wasichana magauni na wavulana mashati. Ukisimama mlangoni mwa kanisa ulijua nani ni wa mama yupi. Mtoto wa kitambaa tofauti alikuwa mgeni. Wilkista aliapa kwamba wale watatu hawatatawanywa, na hakuna atakayeingia kanisani kama mgeni.

Mahindi yetu yalichelewa kununuliwa mwaka ule, tukafika Kitale Krismasi ikiwa imekaribia na maduka yamebaki na vipande.

"Mama, hii ya maua itatosha wanne, na hii ya mistari watatu," mwenye duka mmoja alimshauri. "Watoto hawajui tofauti."

"Emmy anajua," Wilkista akasema, akatoka. Safari hii alipoitwa hakurudi.

Tulizunguka hadi likabaki duka la baba yangu, Gachanja. Wilkista alisimama ng'ambo ya barabara. Kwao Bungoma, mtu havutani bei na wakwe. Kubishana na baba wa mke wa mwanao kuhusu shilingi ni aibu ambayo ukoo mzima huibeba.

"Acha niingie mimi, Mama," nikasema.

"Ukiingia wewe atakupa bure. Kisha itasemwa nimeomba nguo kwa wakwe." Alinunua sukari katika duka jirani, asiingie mikono mitupu, akavuka.

Ndani kulikuwa na jora moja tu zima: kitambaa kizito cha pazia, kijani, chenye majani ya rangi ya kahawia. Wilkista alikivuta kwa nguvu zake zote. Hakikulegea. Akauliza bei. Baba, kama alivyomfanyia kila mteja, alitaja ile ya kuanzia mabishano. Kwetu sisi Wakikuyu, bila mabishano biashara haina utamu. Wilkista akafungua kitambaa chake cha kichwani alimofunga pesa, akalipa.

Mkono wa baba ulibaki hewani. "Mama Mukhisa, hata hujaniuliza mara ya pili."

"Nilisikia mara ya kwanza."

Tulipokuwa tukitoka, baba alinivuta kando. "Wamboi, nimemwibia mkwe wangu. Na nikimrudishia nitakuwa nimemtukana." Hakuwahi kuijua desturi ile, wala mimi sikuwahi kumwambia.

Fundi wa pale Tongaren alilitazama jora akacheka. "Mama, hii ni ya dirisha."

"Basi watoto wangu ni madirisha. Acha upindo mrefu."

Siku ya Krismasi saba wote waliingia kanisani kwa mstari, kijani kitupu. Watu waligeuka. Emmy hakujizuia. "Wifi, umeacha nyumba uchi?"

"Madirisha hayaji kanisani," Wilkista akajibu, akafungua kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada wazee walikaa bomani kugawa watoto. Emmy alikuwa ameshasimama aanze kusema pikapu ya baba yangu ilipoingia. Alikuwa ameshindwa kula Krismasi yake nyumbani. Alishusha blanketi, na sufuria kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani kwake, akisema ni zawadi ya mjukuu atakayezaliwa. Nilikuwa mjamzito, ndiyo, lakini hakuna mjukuu anayehitaji sufuria ya kupikia watu mia.

Mbele ya wakwe, ugomvi wa nyumbani haufunguliwi. Emmy akakaa chini kungoja wageni waondoke. Baba alikula polepole, na watoto wakaletwa kumsalimia. Alikitambua kitambaa chake, akamgeukia Mzee Wekoye, mkubwa wa ukoo.

"Mzee, hawa saba ni wa nyumba gani?"

Wilkista alikuwa amebeba birika. Hakumimina. Alimtazama Wekoye tu.

Wekoye aliwatazama watoto, akamtazama Emmy. Angemwambiaje mkwe kwamba ukoo wake una watoto watatu wasio na nyumba, nao wamevaa sawa na wenzao?

"Ni wa Wilkista," akasema.

"Wote?"

"Wote saba."

Neno likishasemwa kwa wakwe halirudishwi. Emmy akanyoosha kikombe chake, na Wilkista akammiminia chai mpaka juu.

Nguo zile zilifunguliwa upindo miaka mingi. Viola, mdogo wa watoto wa Khisa, alizivaa baada ya wakubwa wote. Leo ni muuguzi, na ndiye aliyemuuguza Wilkista mpaka mwisho. Wale saba ndio waliobeba jeneza.

Na chai aliyokuwa akinywa jamaa yule huku akitucheka, tuliipika kwa sufuria ya Gachanja. Haijatoboka bado.