Bawabu Kizimbani

Bawabu alilinda jumba lile miaka thelathini na minane. Jumba lilibadili kazi mara tatu. Yeye hakubadili hata kofia. Alilikuta ni mahakama. Mahakama ilipohamia kwenye jengo lenye lifti, yakaletwa magunia ya mahindi, likawa ghala. Panya walipoyashinda mahindi, likawa shule ya wapiga chapa, kisha posta. Kila waliohama waliacha kitu, na kila waliohamia walimwambia, "Tupa." Hakutupa. Kiunoni alining'iniza funguo kumi na moja, zikiwemo za milango iliyokwisha kuzibwa kwa matofali. Kizimba cha washtakiwa alikisogeza mlangoni, akawa anakaa humo, kwa kuwa mbao zake zilizuia upepo. Mpiga picha mmoja mpita njia akampiga picha humo.

"Mume wangu, watu watakuona," mkewe, mwalimu, alimwonya.

"Ndiyo kazi ya bawabu, mama watoto. Kuonekana."

Alipostaafu, jumba likawa makumbusho. Siku ya ufunguzi alivaa koti lake la harusi, akaenda na mkewe na shemeji yake. Chumba cha kwanza tu, ukutani, wakamkuta yeye mwenyewe kizimbani, mkubwa kama mlango. Chini yake kibao: "Mshtakiwa akingoja hukumu."

Shemeji akakohoa. "Kumbe! Na sisi tukamwoza dada yetu bila kuuliza."

Mkewe akamwendea mhifadhi, kijana mwenye tai. "Huyu ni mume wangu. Ukoo wetu haujawahi kushtakiwa."

"Mama, mimi nafuata ushahidi. Yumo kizimbani, tena amenuna."

"Alinuna hivyo hivyo siku ya harusi yetu."

"Huo si ushahidi, mama."

Bawabu, aliyekuwa amesikiliza kesi nyingi kuliko hakimu yeyote, maana mahakimu walihamishwa na yeye akabaki, alivaa miwani, akaweka kidole kwenye picha.

"Mwanangu, hiki kiunoni ni nini?"

"Funguo, mzee."

"Ni mahakama gani inayompa mshtakiwa funguo za milango yake yote?"

Mhifadhi akalegeza tai.

Wiki iliyofuata kibao kilisema: "Bawabu kazini." Mwenyewe aliomba akae kizimbani kidogo tu, akaambiwa vitu vya historia havikaliwi. Mkewe hakuomba kitu. Alimleta kaka yake mbele ya picha, akamtaka asome kibao kwa sauti. Mara mbili.