Nilipima Vidonge kwa Maji ya Chai

Nimekosa, na sitafuti pa kujificha. Mnitukane mkitaka, lakini mnisikize kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliajiriwa maabara ya kakiwanda kamoja Kitengela, enzi zile pundamilia walikuwa bado wanakatiza barabara asubuhi. Tulitengeneza vidonge vya madini ya chuma, vile wajawazito humeza ili damu isipungue. Mimi ndiye nilisema vitoke au visitoke. Nilijiona mkubwa, weh!

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unaweka vidonge kwenye maji yenye joto la mwili, mashine inavitikisa, unaangalia kama vitasambaratika. Visiposambaratika, hata tumbo halitaviweza. Vitaingia vizima, vitoke vizima.

Sasa kifaa cha kupasha maji kikaungua. Na vidonge vya wakati huo vilikuwa vimeshindiliwa mno, vigumu kama kokoto. Nikavijaribu kwa maji vuguvugu niliyochanganya mwenyewe. Wapi! Bosi akachungulia mlangoni.

"Madam, lori inangoja. Kwani unapika githeri ya mahindi makavu?"

Niliona haya kuonekana sijui kazi. Nikachukua thamosi ya maji moto ya chai, nikamimina. Vikayeyuka palepale! Nikasema vimepita.

Laiti ningekomea hapo. Mke wa kaka yangu, Naserian, alikuwa na mimba ya kwanza huko Kajiado. Nikampelekea mikebe ya vidonge hivyohivyo nikijigamba, "Wifi, hizi nimepima mwenyewe." Hakutaka tena zile za kliniki. Baada ya muda akanipigia simu akicheka.

"Wifi, hizi dawa zako zinatoka vile ziliingia! Nimeona na macho yangu."

Ningesema ukweli saa hiyo, angerudi kliniki. Lakini nilimjibu, "Hayo ni maganda tu. Wewe endelea kumeza." Maganda! Mungu anisamehe.

Siku ya kujifungua alivuja damu, na damu yenyewe haikuwa ya kutosha. Madaktari walimwokoa yeye. Mtoto hakulia. Kizazi nacho wakakitoa.

Nilimkuta wodini ameelekea ukutani. Akanishika mkono.

"Wifi, kuna siku nilisahau kumeza. Ni mimi nilimmaliza, si ndio?"

Nilikoroga uji niliomletea, nikamwambia anywe kabla haujapoa.

Kazi niliacha. Naserian hadi leo huwaambia watu hana wifi mwingine kama mimi, na mimi nikisikia hivyo natamani ardhi inimeze. Sherehe za watoto nyumbani siendi. Nitaketije karibu naye?

Wewe uliye maabara, bosi akikuharakisha, lori lilale hapo! Kipimo kikigoma, usikitafutie maji moto. Na mtu akikuambia dawa yako haifanyi kazi, jamani, usimzibe mdomo. Mimi nilimziba.

Na wewe, wifi, ukisoma hapa utajijua. Zile siku ulisahau si kitu. Hata ungemeza zote, hakuna chochote kingeingia kwa damu yako. Hukumuua mtoto wako. Ni mimi.